Milioni nane ya ukarabati, dukani ni milioni nne tu!

  

Leo naomba tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumze nyumba. Kuna waliopokea mshiko wao wa kikoba, wengine kiinua mgongo, wengine mtoto aliye nje katuma chochote, na wimbo mtaani ni mmoja: "Nataka niirekebishe nyumba." Jambo jema hilo, maana nyumba nayo huzeeka kama binadamu. Lakini pita Magomeni, pita Tandika, Buguruni mpaka Mwananyamala, uhesabu mwenyewe nyumba zenye marumaru za kung'aa barazani huku juu paa limevaa viraka vya turubai. Hesabu na zile zilizobomolewa ukuta wa mbele, tofali zimepangwa pembeni mpaka zimeota majani. Wenye nyumba hizo si wavivu wala si walevi. Pesa walikuwa nayo, ikaishia njiani.

Na mara nyingi inaishia njiani kwa sababu mtu huchukua pesa yote aliyonayo akaigawa kwa vitu vya dukani. Ana milioni nane, anaandika bati, marumaru, rangi, milango, jumla milioni nane kamili, haya fundi ingia kazini. Mwenzangu, hapo umeshaanguka kabla hujapanda ngazi.

Hebu tuchukue nyumba ile tunayoijua wote, ya Kiswahili. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani jiko na choo. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane. Anakaa vyumba viwili, vinne kapangisha Sh 50,000 kila kimoja kwa mwezi. Ana milioni nane mkononi. Namba hizi ni za mfano, wewe utaweka zako.

Cha kwanza, kabla hata hajamwita fundi, atoe asilimia 20, yaani Sh 1,600,000, aiweke mahali ambapo hata yeye mwenyewe akiitaka apate tabu kidogo kuifikia. Hiyo ni ya mambo ambayo leo hayaonekani. Nyumba ya zamani ina siri zake. Ukifunua bati unakuta kenchi zimeliwa na mchwa, zimebaki ganda tu. Ukichimba uani unakuta bomba limepasuka chini ya korido, na ndiyo maana chumba cha tatu hakikauki. Nyumba changa unaweza kutenga asilimia 10, lakini hiyo ya mwaka arobaini na saba usijidanganye.

Cha pili ni wapangaji. Hili watu hawaliandiki kabisa, wakati kwa mama kama huyu ndilo lenye kuuma. Paa likifunuliwa nani atalala humo? Vyumba vinne kwa miezi miwili ni Sh 400,000 ambazo haziingii, na hizo ndizo unga, ndizo dawa ya presha, ndizo nauli ya mjukuu kwenda shule. Na si unajua tena mambo ya kodi ya miezi sita mbele? Mpangaji aliyelipa mpaka Desemba huwezi kumgongea mlango Agosti ukamwambia akalale kwa shangazi yake. Ama umrudishie chake, ama mkubaliane miezi yake isogezwe mbele na muandikishane. Wajanja hufanya upande mmoja wa korido kwanza, watu wanabanana upande wa pili, kisha wanabadilishana. Kazi inachukua muda mrefu zaidi, ila kodi haikatiki yote kwa mpigo.

Halafu kuna usafiri, maji na kifusi, tuseme Sh 400,000 nyingine. Unaona nyingi? Mitaa yetu hii lori halifiki mlangoni. Linamwaga mchanga huko barabarani, vijana wanasomba kwa toroli, na wanalipwa kwa toroli. Maji ya kuchanganyia zege na lipu yananunuliwa. Ukibomoa ukuta, hicho kifusi utakipeleka wapi? Kwa jirani?

Imebaki Sh 5,600,000, na fundi bado hajala. Mjini wengi hukisia ufundi kuwa theluthi ya bei ya vifaa, ingawa kazi nyingine hupanda zaidi ya hapo. Kwa kisio hilo, vifaa ni Sh 4,200,000 na ufundi Sh 1,400,000. Umeona mambo hayo? Mama ana milioni nane, lakini pesa yake ya kuingia nayo duka la vifaa ni milioni nne na laki mbili. Akienda na mawazo ya milioni nane ndipo anaponunua marumaru za kutoka nje, na paa linakosa misumari.

Sasa hiyo milioni nne na laki mbili inunue nini? Mimi msimamo wangu nausema wazi wala simung'unyi maneno: kwanza kile ambacho mgeni hakioni. Paa, choo na maji yake, nyaya za umeme. Sebule ngoja. Wanawake wenzangu mtanisamehe, maana najua raha ya kukaribisha mashoga kwenye sebule inayometameta, lakini mvua haiangalii kochi. Wanaume nao wasicheke, maana geti la mbwembwe kwenye nyumba inayovuja siku zote ni wazo la baba.

Sikiliza mazungumzo ya aina hii, utayasikia nyumba yoyote ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Haya, umeizunguka, unaionaje?"

"Hii nyepesi mama. Bati hizi tunaziba matundu tu kwa lami. Hela tuiweke kwenye dari ya jipsamu na taa za kuzunguka. Patakuwa hoteli hapa."

Mama akisikia hoteli moyo unalainika. Lakini jipsamu ni kitu cha ndani, kitu cha pakavu. Ikinyeshewa inavimba, inalainika, inashuka chini vipande vipande. Dari ya jipsamu chini ya bati lenye viraka ni kununua uji. Fundi anayeanza na mapambo kabla hajapanda juu kukagua kenchi, mpe maji ya kunywa, mshukuru, mwite mwingine.

Ukienda kununua bati, uliza geji, usiishie kwenye rangi. Na hapa watu wanaingizwa mjini kila siku, kwa sababu geji huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi. Muuzaji akikwambia "hii 32 ni kubwa kuliko 28", amesema kweli kwa namba, amekupiga changa la macho kwa bati. Na kama paa lako ni yale mapande ya kijivu ya zamani, ya asbesto, usiruhusu mtu alikate kwa msumeno wala kuligonga kwa nyundo. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani limeshasema aina zote za asbesto zina hatari hiyo. Waulize kwanza watu wa mazingira au wa afya wa manispaa yako linavyotolewa na linapopelekwa, na gharama hiyo iandike mapema.

Choo ndipo penye hesabu tamu. Kila mtu sasa anataka choo cha kukaa, cha kuvuta. Sawa, maendeleo hayo. Lakini tangi la nyuma humwaga lita 6, mengine hata 9, kila ukivuta. Nyumba yetu ya mfano ina watu 10, kila mmoja avute mara nne kwa siku. Ni lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20, kila siku ya Mungu, kwa kuvuta tu, hujaoga wala hujaosha sahani. Bomba likikatika wiki nzima nani atayabeba? Na maji hayo yote yanaingia shimoni, shimo linajaa upesi, gari la kunyonya linaitwa mara kwa mara, na gari hilo halikopeshi. Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia maji kwa kopo kinatumia lita mbili tatu, ni kisafi ukikitunza, na wapangaji wengi hawana ugomvi nacho. Kama moyo wako uko kwenye cha kuvuta, weka kwanza tanki la maji na shimo la kutosha, chombo cha kukalia kije mwisho.

Umeme sitaukawiza. Nyaya zilizowekwa enzi za taa nne na redio leo zinabeba friji, pasi, feni na televisheni ya kila mpangaji. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, umwambie akuonyeshe, na usione haya kuiomba. Vishoka waachie majirani wasiopenda nyumba zao. Na kazi hii ifanyike kabla ya lipu na rangi. Nyumba ngapi zimepakwa rangi Jumatatu, Alhamisi zikachongwa tena ukuta kupitisha waya?

Kuna ukuta wenye chumvi pia, ugonjwa wa nyumba zetu za pwani. Rangi inavimba chini kama kaimati, inamenyeka, unga mweupe unamwagika sakafuni. Watu hununua rangi nzuri zaidi wakapaka juu yake, na baada ya miezi michache umerudi palepale. Chumvi inapanda na unyevu, ama kutoka ardhini, ama kwenye mchanga na tofali zenyewe. Utafute kwanza unyevu unakotoka, labda maji ya bafuni, labda mvua inayotuama nyuma ya nyumba. Lipu mbovu ibanduliwe mpaka juu ya pale chumvi ilipofika, ukuta ukauke sawasawa, ndipo upigwe lipu yenye dawa ya kuzuia maji. Kukauka ni wiki, si siku mbili. Kama huna wiki hizo, acha ukuta ulivyo, utunze hela ya rangi.

Haya, tuje kwenye vipimo. Mimi shule yangu iliishia sekondari, lakini hesabu ya eneo la mstatili nilifundishwa shule ya msingi, na wewe pia. Chukua futi ya kuvuta, pima chumba mwenyewe kabla fundi hajakupa orodha. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Marumaru ya sentimita 40 kwa 40 ni mita za mraba 0.16, kwa hiyo unahitaji 75. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, zinakuwa 83. Fundi akikuandikia 120, muulize kwa adabu tu, "Fundi, hizi nyingine tunapanga ukutani?" Na marumaru zinunue zote siku moja, maana zinazotengenezwa siku tofauti hutofautiana rangi hata jina likiwa lilelile. Angalia namba ya toleo kwenye boksi.

Rangi vilevile. Chumba hichohicho kikiwa na kimo cha mita 3, kuta zote nne ni mita 14 mara 3, yaani 42. Toa mlango na dirisha, zibaki 38 hivi. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika kama mita 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni kama lita 8. Ndoo ya lita 20 inakupakia vyumba viwili na chenji inabaki. Ukuta mkavu usio laini utakunywa zaidi, hilo lijue.

Saruji ni kinyume cha marumaru, usinunue yote kwa pamoja eti bei itapanda. Inapoteza nguvu ikikaa, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu inaiharakisha. Nunua ya wiki hiyo, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Bei ulizia maduka matatu, tena nenda mwenyewe au mtume mtu wa damu yako. Duka ambalo fundi analing'ang'ania, mara nyingi ana chake pale. Simlaumu, naye ana watoto, ila si kwa hela ya kikoba chako.

Daftari lako liwe la kurasa 40 tu, la shule. Upande mmoja andika ulichopanga, upande wa pili kilichotoka, kila jioni. Fundi ukimtumia pesa kwa simu, ule ujumbe usiufute. Na usimlipe nusu ya kazi nzima siku ya kwanza kwa sababu tu kakwambia mtoto anaumwa. Mpe cha kuanzia, kisha lipa hatua kwa hatua: paa limefungwa, lipa, choo kimepitisha maji, lipa. Makubaliano ya hatua hizo yaandikwe na kusainiwa na nyote wawili kabla sepetu haijagusa udongo, na mwenyekiti wa mtaa akiweka mhuri wake ni vizuri zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo yanaweza kuifanya hesabu yote hii kuwa bure, na hayako dukani.

La kwanza ni nyumba ya urithi. Baba kafariki, watoto watano, mmoja ndiye anakaa na mama na ndiye mwenye uchungu na nyumba. Anaweka milioni zake nane. Miaka mitatu mbele ndugu wanasema tuuze tugawane, sehemu tano sawa. Zile milioni nane nani anazikumbuka? Hakuna karatasi. Hapo ndipo ndugu wanakuwa hawazikani. Kama nyumba ni ya familia, kaeni kikao kwanza, aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi awepo, muhtasari uandikwe kwamba fulani anatumia kiasi hiki na nyumba ikiuzwa atarudishiwa hivi, kila mmoja asaini. Dada yangu, kaka yangu, usione aibu kudai karatasi kwa ndugu wa tumbo moja. Wenye kupendana ndio wanaandikishana, na wanaandikishana wakiwa bado wanapendana.

La pili ni ile herufi X nyekundu. Wakazi wa Kimara hawahitaji kuhadithiwa, mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na zilikuwamo zenye marumaru na madirisha ya aluminiamu. Kama uko karibu na barabara kubwa, bonde au reli, nenda ofisi za ardhi za manispaa ukaulize mipaka kabla hujanunua hata msumari. Na kama unaongeza chumba au unabadili ramani, huko huko ulizia kibali cha ujenzi. Kukimbia kibali kuna gharama, na haimo kwenye ile asilimia 20.

Wakati wa kuanza nao una bei yake. Kwa sisi wa Dar es Salaam na pwani hii, masika ni Machi mpaka Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Paa lifunuliwe Juni mpaka Septemba. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, anayeanza ujenzi Januari anashindana na watoto wake mwenyewe. Vifaa visivyoharibika, kama bati na misumari, unaweza kuvinunua kidogokidogo tangu mapema ukaviweka chumbani. Bora bati likulalie uvunguni kuliko pesa ikulalie mkononi, maana pesa ina miguu, hasa msimu wa harusi na michango yake.

Na mwisho, katika ule ufundi wa Sh 1,400,000, bakiza Sh 140,000. Makampuni makubwa ya ujenzi hukatwa hivyohivyo mpaka muda wa uangalizi uishe, sembuse fundi wa mtaani. Mwambie tangu siku ya kwanza, tena liandikwe: "Fundi, hii yako ipo, utaichukua mvua ya kwanza ikipita na ndani pakiwa pakavu." Atalalamika kidogo. Akikataa katakata, ameshakwambia anavyoliamini paa lake.

Wiki ijayo, Mungu akijalia, tutaingia jikoni: mkaa, gesi na umeme, kipi kinakula zaidi kwenye nyumba ya watu sita. Anza kuandika matumizi yako tangu leo ili tulinganishe.